Nyuki wanavyolinda mzinga wao: Jeshi linaloongozwa na harufu

MWEMBE uliopo kando ya kituo cha daladala unaweza kukaa na nyuki kwa miaka bila mtu yeyote kuumwa. Abiria husimama kivulini, wauza maji huita wateja, watoto hupita wakitoka shule, na juu yao, ndani ya tundu la shina, nyuki maelfu kwa maelfu huingia na kutoka katika shughuli zao. Kisha siku moja mtu anarusha jiwe kuangua maembe, au fundi anakuja na msumeno wa mashine kupunguza matawi. Haipiti dakika moja, kituo kizima kinageuka mayowe.

Tukio la namna hiyo linapotokea, maelezo huwa mengi. Wapo wanaosema nyuki wamepandwa na hasira bila sababu, na wapo wanaoamini kuwa wametumwa na mtu. Lakini kwa wanaowachunguza wadudu hawa, hakuna cha ajabu hapo. Nyuki wana mfumo wa ulinzi wenye hatua zinazofuatana: kukagua, kuonya, kuita wenzao na, mwisho kabisa, kupiga mwiba. Hatua hizo zaweza kupita zote ndani ya sekunde chache, lakini kila moja ina sababu yake.

Kuzijua hatua hizo si elimu ya wafugaji wa nyuki peke yao. Mkazi wa mjini ambaye hazijui, siku ya hatari hufanya yale yale yanayozidisha mashambulizi: hupunga mikono, humponda nyuki wa kwanza anayemtua, kisha hukimbilia katikati ya watu.

Kinacholindwa

Ili kuelewa ukali wa nyuki, ni vema kwanza kuangalia walichonacho. Ndani ya mzinga mmoja huishi malkia mmoja, madume mamia kadhaa kwa msimu, na nyuki vibarua ambao idadi yao yaweza kuwa maelfu kumi au makumi ya maelfu. Vibarua wote ni majike. Ndio wanaojenga masega, kulea majana, kukusanya chavua na maji matamu ya maua, na ndio pekee wanaolinda. Dume hana mwiba kabisa, kwa kuwa mwiba wa nyuki ni kiungo cha kutagia mayai kilichogeuka kuwa silaha, na kiungo hicho dume hakupewa.

Asali iliyomo ndani ni akiba ya kuwavusha katika kipindi ambacho maua hayapo. Majana nayo ni chakula chenye protini nyingi ambacho wanyama wengi hukitamani hata kuliko asali. Kwa maneno mengine, mzinga ni ghala la chakula na nyumba ya watoto kwa wakati mmoja.

Wanaoliwinda ghala hilo ni wengi. Yupo nyegere, mnyama mwenye ngozi nene na kucha ndefu, ambaye hubomoa mzinga bila kujali kelele za wenyewe. Wapo siafu, ambao huja kwa misururu usiku. Wapo nondo wa nta na mende wadogo wa mzinga, ambao hutaga mayai ndani ya masega. Wapo nyuki wa mizinga mingine, ambao wakati wa njaa huwa wezi. Na yupo binadamu, ambaye katika Afrika amekuwa akirina asali kwa moto na moshi tangu zama za kale.

Zamu ya mlangoni

Kazi ya nyuki kibarua hubadilika kadiri umri wake unavyosonga. Anapotoka tu katika kijumba cha sega huanza na usafi. Baadaye hulea majana, kisha hujenga masega na kupokea mzigo kutoka kwa wanaorudi shambani. Akifikisha umri wa wiki mbili hadi tatu hivi, yuko tayari kwa zamu ya mlangoni. Baada ya hapo huanza safari za maua, na katika msimu wa kazi nyingi maisha yake yote hayazidi sana wiki sita.

Si kila nyuki hupitia ulinzi. Walinzi huwa sehemu ndogo tu ya kundi, na wengi wao hushika zamu kwa siku chache, wengine kwa saa chache. Mtu anayetazama mlango wa mzinga kwa utulivu anaweza kuwatambua. Wakati wengine wanapita mbiombio, mlinzi husimama akiwa ameinua miguu ya mbele, vipapasio vyake vimeelekezwa mbele, akimwendea huyu na yule.

Anachokagua ni harufu. Mwili wa kila nyuki umefunikwa kwa tabaka jembamba la mafuta na nta, na tabaka hilo huchukua harufu ya masega anamoishi. Hivyo nyuki wa mzinga mmoja huwa na harufu inayofanana, na mgeni hujulikana mara tu mlinzi anapomgusa kwa vipapasio. Ukaguzi huo huchukua sekunde chache. Mwenyeji huachiwa apite, na mgeni huvutwa, hung'atwa au kupigwa mwiba.

Hata hivyo, ukali wa walinzi haulingani siku zote. Maua yanapokuwa mengi, ulinzi hulegea, na kibarua wa mzinga mwingine aliyepotea njia akiwa amebeba mzigo anaweza kuruhusiwa kuingia. Maua yakiadimika, wezi huongezeka na walinzi nao huongezeka mlangoni. Ndiyo sababu mzinga ule ule uliokuwa mtulivu wakati wa maua unaweza kuwa mkali wakati wa kiangazi.

Kwa adui mkubwa kama binadamu, mara nyingi huanza onyo. Nyuki mmoja au wawili huja kumzunguka mtu usoni kwa mlio wa juu kuliko kawaida, na pengine humgonga kwa kichwa bila kutoa mwiba. Watu wengi huona hilo kuwa usumbufu na hujibu kwa kupiga kofi. Kumbe hapo ndipo mtu anapoambiwa aondoke, na akiondoka taratibu kwa wakati huo, mara nyingi jambo huishia hapo.

Kengele isiyo na sauti

Onyo likipuuzwa, au mtikisiko ukiwa mkubwa tangu mwanzo, mlinzi huinua tumbo lake, huchomoza mwiba na kupepea mabawa. Kwa kufanya hivyo hutawanya hewani harufu inayotoka katika tezi zilizo karibu na mwiba. Hiyo ndiyo kengele ya hatari.

Mwanasayansi kipofu wa Geneva, Uswisi, François Huber, ambaye alifanya uchunguzi wake kwa msaada wa macho ya msaidizi, aliandika mwaka 1814 kuwa mwiba uliong'olewa ukiwekwa mlangoni pa mzinga huwachafua nyuki papo hapo. Ilichukua karibu karne moja na nusu kujua ni nini hasa kilichomo ndani ya harufu hiyo. Mwaka 1962, watafiti R. Boch, D. A. Shearer na B. C. Stone waliitambua kemikali kuu inayohusika, nayo ni isopentili asetati.

Kemikali hiyo si ngeni kwa pua ya binadamu, kwani ndiyo inayoipa ndizi mbivu sehemu kubwa ya harufu yake. Baadhi ya wafugaji huepuka kula ndizi kabla ya kufungua mizinga, na mtu anayesikia harufu kama ya ndizi karibu na nyuki waliochokozwa anafahamu kuwa kengele imekwisha kupigwa.

Harufu hiyo peke yake haiwafanyi nyuki wote wapige mwiba. Kazi yake ni kuwatoa nje na kuwaweka tayari. Mwaka 1990, watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa wanaotoka kushambulia kwa kawaida si wale wale waliokuwa wakikagua mlangoni, bali ni kundi jingine la vibarua wanaokuwa ndani wakingoja. Kwa lugha ya kibinadamu, mlangoni wapo mapolisi, na ndani wapo askari wa akiba.

Askari hao wakishatoka, hutafuta mlengwa. Huvutwa na vitu vyenye rangi ya giza, vyenye manyoya au nywele, vinavyotikisika, na vinavyotoa pumzi. Sifa hizo zote ni za wanyama wanaovunja mizinga, na kwa bahati mbaya ni za kichwa cha binadamu pia. Ndiyo maana waliowahi kushambuliwa husimulia kuwa nyuki waliwaendea nyweleni, machoni, puani na masikioni. Mtu anayepunga mikono na kuhema kwa nguvu huwa amejitambulisha kuwa ndiye adui anayetafutwa.

Gharama ya mwiba mmoja

Mwiba wa nyuki kibarua una vijino vinavyoelekea nyuma, mithili ya ndoana ya mvuvi. Ukishaingia katika ngozi ya mnyama inayonyumbulika, hautoki. Nyuki akiruka, mwiba hubaki pamoja na kifuko cha sumu na sehemu ya viungo vya tumbo lake. Baada ya muda mfupi nyuki huyo hufa.

Lakini kazi yake haikomi kwa kifo chake. Misuli iliyobaki kwenye mwiba huendelea kukaza na kulegea yenyewe, ikisukuma sumu ndani na kuuzamisha mwiba zaidi. Wakati huo huo, mwiba uliobaki huendelea kutoa ile harufu ya hatari. Aliyepigwa huwa amewekewa alama ambayo kila nyuki anayefuata ataiona kwa vipapasio vyake. Hapo ndipo mwiba mmoja unapoita mingine kumi, na kumi ikaita mia. Nyuki anayepondwa juu ya nguo huleta matokeo yale yale.

Swali ambalo limewashughulisha wanasayansi kwa muda mrefu ni hili: Inakuwaje kiumbe akawa na silaha inayomuua mwenyewe? Jibu limo katika namna kundi linavyozaana. Kwa kawaida nyuki kibarua hazai. Watoto wanaoendeleza ukoo wake ni wale wa mama yake, yaani malkia. Akifa akiokoa mzinga, ukoo unaendelea. Akiishi na mzinga ukaangamia, ukoo umekwisha. Kwa kundi lenye makumi ya maelfu, kupoteza vibarua mia moja kwa ajili ya kumfukuza nyegere ni hasara inayovumilika.

Ikumbukwe pia kuwa nyuki hapotezi mwiba wake kila anapoutumia. Akipigana na mdudu mwenzake, mara nyingi huuchomoa na kuutumia tena. Malkia naye ana mwiba usio na vijino vikubwa, na huutumia hasa dhidi ya malkia wengine wanaogombea kiti.

Si kila adui hupigwa mwiba

Wapo maadui ambao mwiba hauwafai, na kwao nyuki wana mbinu nyingine.

Mende mdogo wa mzinga, ambaye asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, ana gamba gumu ambalo mwiba haulipenyi kwa urahisi. Nyuki wa Afrika humsukuma hadi kwenye ufa, wakamfungia humo kwa gundi ya nyuki, ambayo huitengeneza kwa utomvu wa miti. Kisha huweka walinzi kuzunguka gereza hilo dogo. Mende huyo alipogunduliwa Florida, Marekani, mwaka 1998, aliwaletea wafugaji hasara kubwa, kwa sababu nyuki wenye asili ya Ulaya waliopo huko hawakuwahi kuishi naye.

Nchini Japani, nyuki wa asili wa huko hukabiliwa na nyigu mkubwa ambaye kundi lake laweza kumaliza mzinga mzima kwa muda mfupi. Nyigu mpelelezi anapoingia, mamia ya nyuki humvamia na kumfunika kama mpira, kisha hutikisa misuli ya mabawa bila kuruka. Joto ndani ya mpira huo hupanda hadi kufikia nyuzi 46 hivi za Selsiasi, na hewa hujaa kaboni dioksidi. Nyigu hufa, ilhali nyuki wengi, wanaoweza kuhimili joto la juu kidogo kuliko hilo, husalimika.

Na pale ambapo hakuna mbinu inayofaa, nyuki wa Afrika huhama. Siafu wakizidi, moto ukikaribia au mzinga ukibomolewa mara kwa mara, kundi zima hubeba asali linayoweza kubeba tumboni na kuondoka. Wafugaji wa Tabora, Singida na Dodoma wanaijua hasara hiyo.

Kwa nini wa Afrika ni wakali zaidi

Nyuki wa asali wa Afrika Mashariki si wa aina moja. Katika nyika na nyanda za juu yupo yule ambaye wataalamu humwita scutellata. Pwani yupo litorea, na katika misitu ya milima mirefu kama Kilimanjaro na Meru yupo monticola, ambaye ni mweusi zaidi na mpole kuliko ndugu zake. Majina ya litorea na monticola yalitolewa mwaka 1961 na F. G. Smith, aliyekuwa mtaalamu wa ufugaji nyuki Tanganyika.

Scutellata ndiye aliyejipatia jina la ukali duniani. Mwaka 1956, mtaalamu wa jenetiki wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika ili kupata nyuki wanaofaa kwa nchi za joto. Mwaka uliofuata, makundi 26 yalitoroka karibu na mji wa Rio Claro. Uzao wao ulichanganyika na nyuki wenye asili ya Ulaya, ukaenea Amerika Kusini na ya Kati, na mwaka 1990 ukaingia Texas, Marekani. Huko waliitwa nyuki wauaji.

Jina hilo limepotosha wengi. Sumu ya mwiba mmoja wa nyuki wa Afrika haina nguvu kuliko ya nyuki wa Ulaya. Tofauti ipo katika kengele. Nyuki wa Afrika huitikia haraka zaidi, hutoka wengi zaidi kwa mara moja, na humfukuza adui umbali mrefu zaidi, pengine mita mia kadhaa, na huchelewa kutulia. Anayekufa hufa kwa wingi wa miiba.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kuwa ukali huo umetokana na maadui. Kwa maelfu ya miaka, makundi mapole katika nyika za Afrika yalibomolewa na nyegere na binadamu, na yaliyobaki kuzaa ni yale makali. Ulaya, ambako nyuki walifugwa na kuchaguliwa kwa upole wao, mambo yalikwenda kinyume. Ushahidi mwingine unatoka kisiwa cha Puerto Rico. Nyuki chotara walifika huko miaka ya 1990 wakiwa wakali, lakini baada ya miaka michache kizazi chao kikawa kipole, katika kisiwa kisicho na wanyama wa kubomoa mizinga na chenye wakazi wengi ambao huyaangamiza makundi makali kwanza.

Moshi na tembo

Mrina asali wa jadi hakuwa na maabara, lakini alijua njia ya kuzima kengele. Moshi hufanya kazi mbili. Kwanza, huwafanya nyuki wengi wajaze matumbo asali kana kwamba wanajiandaa kuukimbia moto, na nyuki aliyeshiba huwa mzito wa kupigana. Pili, hupunguza uwezo wa vipapasio kunusa. Jaribio lililochapishwa mwaka 1995 lilionyesha kuwa vipapasio vilivyofukizwa moshi huitikia kidogo sana harufu ya hatari, na hali hiyo hurudi ya kawaida baada ya dakika 10 hadi 20. Moshi hauwaui nyuki. Unawanyima tu habari kwa muda.

Wapo pia waliotumia ulinzi wa nyuki kwa faida ya wakulima. Nchini Kenya, mtafiti Lucy King na wenzake walichapisha mwaka 2007 matokeo yaliyoonyesha kuwa tembo wengi hukimbia wanaposikia mlio wa nyuki waliochokozwa, hata kama ni wa kurekodiwa. Ngozi ya tembo ni nene, lakini kuzunguka macho na ndani ya mkonga mwiba humwingia vizuri.

Kutokana na utafiti huo ilibuniwa senyenge ya mizinga. Mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba kwa umbali wa mita 10 hivi na kuunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya usiku, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Njia hiyo imetumika Sagalla, karibu na Hifadhi ya Tsavo Mashariki, na pia nchini Tanzania katika vijiji vilivyo jirani na Udzungwa. Mkulima hubaki na mahindi yake, na huvuna asali juu yake.

Mjini tufanye nini

Kwa mkazi wa mjini, jambo la kwanza ni kutofautisha nyuki walio safarini na nyuki wenye makazi. Kundi linalohama huonekana likining'inia kama shada kwenye tawi, nguzo au kioo cha gari. Nyuki hao wameshiba asali na hawana majana wala akiba ya kulinda, hivyo kwa kawaida huwa watulivu, na mara nyingi huondoka wenyewe baada ya saa chache au siku moja mbili. Wasitupiwe mawe, wasimwagiwe maji.

Juni 28, 2019, mchezo wa Kombe la Dunia la kriketi kati ya Sri Lanka na Afrika Kusini ulisimama kwa muda huko Chester-le-Street, Uingereza, baada ya kundi la nyuki kupita uwanjani. Wachezaji na waamuzi walilala kifudifudi hadi likapita. Kwa nyuki wapitao, hilo lilikuwa jambo sahihi.

Nyuki waliojenga darini, ukutani au ndani ya shina ni habari nyingine. Hao wana cha kulinda. Wakianza kushambulia, kulala chini ni hatari. Mtu akimbie moja kwa moja bila kusimama, afunike uso kwa nguo huku akiacha macho yaone njia, na aingie ndani ya nyumba au gari na kufunga mlango. Nyuki wachache wataingia naye, lakini wachache ni afadhali kuliko mamia. Asijitose majini, kwa kuwa nyuki huweza kumngoja juu hadi atoe kichwa kuvuta pumzi. Asiwapige, na asikimbilie penye watu. Wanyama waliofungwa kamba huathirika zaidi, kwa sababu hawana namna ya kukimbia.

Akishafika mahali salama, miiba itolewe mara moja. Watu wengi wameambiwa wasiibane kwa vidole, bali waikwangue kwa kisu au kadi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa namna ya kuutoa haina tofauti kubwa. Kinachodhuru ni kuchelewa, kwani kila sekunde inayopita sumu zaidi huingia. Kisha ngozi ioshwe kwa sabuni na maji, na nguo zibadilishwe, ili kuondoa harufu ya hatari.

Hospitali haipaswi kuwa jambo la kufikiria baadaye. Mwenye mzio anaweza kufariki kwa mwiba mmoja. Dalili zake ni kuvimba uso au koo, kushindwa kupumua, kizunguzungu na vipele mwili mzima, na anahitaji sindano ya adrenalini haraka. Asiye na mzio naye hayuko salama akipigwa sana. Wataalamu hukadiria kuwa miiba 1,000 au zaidi inaweza kumuua mtu mzima, na kwa mtoto idadi hiyo ni ndogo zaidi. Sumu nyingi pia huweza kuharibu figo baada ya siku kadhaa, hivyo aliyepigwa miiba mingi asirudishwe nyumbani kwa sababu tu anajisikia nafuu.

Kuwaondoa nyuki ni kazi ya wenye vifaa na ujuzi. Kuwachoma kwa petroli mchana, wakati wote wako macho, ni kupiga kengele kwa makusudi katikati ya makazi ya watu, mbali na hatari ya kuunguza nyumba. Kuziba tundu lao nako huwafanya watafute njia nyingine, pengine ya kutokea sebuleni. Mwananchi anaweza kumwona ofisa nyuki wa halmashauri yake au mfugaji mwenye uzoefu, na panapotokea dharura, kupiga simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Na kwa wale waliokaa na mzinga kwa amani chini ya mwembe wa kituoni, hatua ya busara ni kuripoti mapema, kabla ya msimu wa kuangua maembe na kabla ya fundi wa msumeno hajaitwa. Kwa utaratibu huo kundi linaweza kuhamishiwa kwenye mzinga wa mfugaji, likaendelea kuchavusha mimea na kutoa asali, na abiria wakabaki na kivuli chao.